Uongo, kughushi, bandia, ulaghai, utapeli: tusiyatumie kana kwamba ni neno moja

Mwanzisha uzi (Dar es Salaam)

Heshima kwenu, wanajamvi.

Nimeona nilete mjadala huu kwa sababu neno "tapeli" siku hizi limebebeshwa mizigo isiyo yake. Aliyekopa akashindwa kurejesha ni tapeli. Fundi aliyechelewesha kabati ni tapeli. Aliyeajiriwa kwa cheti cha kughushi, aliyeuza simu isiyo halisi, aliyeahidi ndoa kisha akaoa kwingine, wote ni matapeli. Kazi yangu ni kuhariri habari, kwa hiyo neno hili hunipitia mezani karibu kila siku, na mara nyingi hulazimika kumuuliza mwandishi: huyu mtu hasa alifanya nini? Jibu likija, aghalabu nakuta Kiswahili kina neno jingine lililolifaa jambo hilo tangu mwanzo.

Hoja yangu ni kwamba maneno yetu ya udanganyifu hayakupangwa kwa ukali, hili likawa dogo na lile kubwa. Yamepangwa kwa kufuata mahali uongo unapokaa. Uongo waweza kukaa katika kauli, katika kitu, katika karatasi, au katika imani ambayo mtu amempa mwenzake, na kila makao yana jina lake.

Tuanze na uongo wenyewe, ambao ni kauli basi. Mwongo hahitaji kupata faida. Watu husema uongo kwa woga, kwa aibu, kwa kumstahi mgonjwa, au kwa mazoea tu, na mitaani tuna majina ya aina zake: kutia chumvi ni kuikuza habari ambayo kiini chake ni cha kweli, kamba na fiksi ni uongo wa kijiweni ambao hata msikilizaji anaushuku, longolongo ni ahadi zinazozungushwa ili muda upite. Kudanganya ni jambo jingine. Ukisema "Juma amesema uongo", sentensi imekamilika. Ukisema "Juma amedanganya", msikilizaji atataka kujua amemdanganya nani, kwa kuwa kitenzi hiki kinadai mtu wa pili aliyepotoshwa. Ndiyo maana mtu anaweza kudanganya bila kutamka neno lolote la uongo. Muuza nyanya anayepanga zile ngumu na nyekundu juu ya ndoo, na zilizopondeka chini, hajafungua kinywa. Ukimlalamikia atakuambia kwamba hakukukataza kuzipindua. Vilevile mtu anaweza kusema uongo mchana kutwa asimdanganye yeyote, kwa sababu hakuna anayemwamini.

Nyanya hizo zinatufikisha kwenye kughushi. Asili yake ni Kiarabu, ghashsha, na Waislamu wengi humu wanaijua hadithi iliyomo katika Sahih Muslim: Mtume Muhammad (S.A.W.) alipita kwenye lundo la chakula lililokuwa likiuzwa, akatia mkono ndani, vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua iliyolinyeshea. Akaulizwa kwa nini basi hakuuweka ule unyevu juu ili watu wauone, kisha likafuata lile neno kwamba anayeghushi si katika sisi. Tazameni kilicholaumiwa pale. Hakuna sifa ya uongo iliyotangazwa wala karatasi iliyosainiwa. Kosa limo ndani ya lundo. Maana hiyo ya kukiharibu kizuri kwa kukichanganya na kibovu bado ipo katika Kiswahili, ila kwa matumizi ya Tanzania neno limehamia ofisini. Leo ukisikia "ameghushi", unawaza saini, muhuri, hati ya kiwanja na cheti.

Hapo kwenye karatasi ndipo wengi wanapoteleza, na mimi nitakaa hapo kidogo. Hati yenye uongo ndani yake si lazima iwe ya kughushi. Ya kughushi ni ile inayosema uongo juu ya nafsi yake. Nikiandika barua kwa mkono wangu, nikaisaini kwa jina langu, nikadai kwamba Ijumaa niliumwa ilhali nilikuwa harusini Morogoro, nimesema uongo kwa maandishi lakini sijaghushi, kwa sababu barua ni yangu kweli. Nikichukua karatasi yenye nembo ya zahanati, nikaeleza kwamba niliumwa, kisha nikasaini kwa jina la daktari, nimeghushi, na nitabaki nimeghushi hata kama Ijumaa hiyo nilikuwa na homa kali ya kunilaza kitandani. Ukweli wa yaliyomo hauitakasi hati ambayo mwandishi wake si yule inayemtaja.

Mfano mkubwa tunao wenyewe. Tarehe 28 Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Idadi iliyoshikwa na kila mtu ilikuwa moja, watumishi 9,932, na kuanzia siku hiyo jambo zima likaitwa "vyeti feki". Taarifa yenyewe ilikuwa na makundi zaidi ya hilo. Walikuwamo wenye vyeti vya kughushi, ambao ndio hao 9,932. Vilikuwamo vyeti vyenye utata, yaani cheti kimoja kinachotumiwa na mtu zaidi ya mmoja. Na walikuwamo wenye vyeti pungufu, ambao hawakuwasilisha vyote vilivyotakiwa. Kundi la pili ndilo linalonivutia. Cheti kinachotumiwa na watu wawili chaweza kuwa halali kabisa: kimetolewa na Baraza la Mitihani, namba ni sahihi, alama ni sahihi. Hakuna kilichoghushiwa. Uongo umeihama karatasi ukaingia kwa mmoja wa wanaoibeba, yule aliyejifanya kuwa mtu mwingine. Kukiita cheti hicho "feki" ni kumwonea aliyekisotea darasani miaka minne. Na huyo wa kundi la tatu, ambaye huenda hakudanganya mtu yeyote, naye vijiweni aliambiwa ana cheti feki.

Nageukia vitu. Feki na bandia hutumiwa kama mapacha, la kwanza likiwa la mtaani na la pili la gazetini, lakini hayalingani. Bandia ni neno la mwanasesere: mtoto wa bandia aliyeshonwa kwa vitambaa, ambaye msichana mdogo humbeba mgongoni akijua fika kwamba si mtoto. Kwa hiyo bandia hutaja kitu kilichotengenezwa kwa mfano wa kitu kingine, pasipo ulazima wa kumdanganya yeyote. Meno ya bandia, mguu wa bandia, kope za bandia: hakuna anayekwenda polisi. Mwambie aliyekatwa mguu kwamba anatembelea "mguu feki" uone kama hajakasirika. Hasira yake ndiyo ushahidi kwamba maneno haya mawili si sawa. Feki limebeba shutuma, linadai kwamba yupo aliyekusudia tusijue. Noti bandia na dawa bandia ni uovu kwa sababu noti na dawa ni vitu ambavyo thamani yake yote imo katika kuwa vya kweli, na wala si kwa sababu ya neno bandia lenyewe.

Kariakoo wanalielewa hili vizuri kuliko sisi wahariri. Pale kuna orijino, kuna kopi, kuna feki. Kopi muuzaji hukutajia mwenyewe kwamba ni kopi, na bei yake inajieleza. Inageuka feki pale tu inapouzwa kwa jina na bei ya orijino. Sheria haifuati ngazi hizo: kwa Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, kiatu kilichobandikwa nembo ya mtu bila idhini ya mwenye nembo ni bidhaa bandia, uwe ulijua au hukujua uliponunua. Shirika la Viwango, TBS, nalo lina neno lake, hafifu, ambalo halihusiani na jina la mtengenezaji. Kiatu bandia chaweza kudumu miaka, na kiatu halisi chaweza kuwa hafifu kikaachia soli wiki ya kwanza. Anayelalamika kwamba "wameniuzia feki" kwa sababu soli imeachia, huenda hakuuziwa feki.

Kuchakachua kunastahili aya yake, kwa kuwa ni neno ambalo wengi wetu tumelishuhudia likipanda chati. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo kuliko dizeli na petroli, hivyo yakawa yanachanganywa humo, na magari yakawa yanakufa injini. EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ikaanzisha vinasaba, yaani alama ya kuyatambulisha mafuta halali, mwaka 2010, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuifuta tofauti ya bei iliyokuwa ikiwashawishi wachanganyaji. Kufikia uchaguzi wa Oktoba 2010 neno lilikuwa limeshatoka kwenye matangi na kuingia kwenye kura. Kwa maoni yangu, kuchakachua ni ile kughushi ya zamani, ya lundo la chakula, iliyorudi kwa jina jipya baada ya kughushi kuhamia ofisini. Kilichochakachuliwa kilikuwa halisi kabla ya kuguswa, ilhali cha bandia hakikuwahi kuwa halisi hata siku moja.

Sasa tumfikie tapeli mwenyewe, na jamaa zake wawili, hadaa na ulaghai. Hadaa humkamata mtu kwa tamaa yake. Haihitaji hata binadamu wa kuifanya. Wahenga walisema dunia hadaa, ulimwengu shujaa, wala hatusemi kwamba dunia ni tapeli. Ulaghai unahitaji binadamu, tena mwenye ulimi mtamu na subira, kwa sababu kulaghai ni kumlainisha mtu hatua kwa hatua mpaka akubali kile ambacho angekikataa kama angeambiwa chote kwa mara moja. Mwisho wake si lazima uwe fedha. Mpiga kura hulaghaiwa, binti hulaghaiwa, timu hulaghai mchezaji asaini. Utapeli mwisho wake ni mali kutoka mkononi mwako kwa hiari yako. Mlaghai anataka ukubali. Tapeli anataka utoe. Na hapa ndipo anapoachana na mwizi, kwa kuwa mwizi huchukua, tapeli hupewa.

Chukueni ule ujumbe wa simu ambao sote tumeupokea, unaosema ile hela itumwe kwenye namba hii. Uchunguzeni neno kwa neno. Hauna kauli hata moja unayoweza kuikanusha. Kazi yote inafanywa na "ile", kiashiria kinachochukulia kwamba tayari kuna makubaliano kati yako na mwandishi. Kati ya maelfu wanaoupokea, wengi watacheka na kuufuta, lakini atakuwapo mmoja ambaye asubuhi hiyohiyo alikuwa anajiandaa kumtumia mwenye nyumba kodi ya pango, na huyo atajijazia mwenyewe kilichobaki. Mwongo hutunga habari nzima. Huyu ametunga nusu, akamwachia mhusika amalizie. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, imetupa namba 15040 ya kupelekea namba za wanaotuma ujumbe wa namna hiyo, na sijui ni wangapi kati yetu wamewahi kuitumia badala ya kuishia kucheka.

Liko jambo la kisarufi ambalo nalipenda hapa. Tunasema kudanganyika, kuhadaika, kulaghaika. Kiambishi hicho cha -ika kinamgawia mdanganywa sehemu ya kazi: kuna kitu ndani yake kilichokubali. Watanzania tumelijua hilo hata tukalifanyia mzaha kwa kujiita Wadanganyika. Tapeli ndiye aliyekuwa na "kutapeliwa" tu, ambapo lawama yote ni ya mtendaji, mpaka ilipokuja kampeni ya Sitapeliki, iliyotusukuma turudi upande wa -ika. Kama tangazo limefaulu. Kama hukumu juu ya aliyeibiwa akiba yake, sina hakika kwamba tunamtendea haki. Ukiisikiliza lugha ya mtaani, yenyewe imeshamchagua mwathirika: kupigwa, kulizwa, kuingizwa mkenge, kupigwa changa la macho, kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Vyote vinasimuliwa na aliyetendwa.

Hila na ujanja nayaacha pembeni kwa makusudi, kwa kuwa hayo ni maneno ya akili kabla hayajawa ya kosa. Sungura ni mjanja. Sijawahi kusikia babu akimwita tapeli.

Karibuni kwa michango, na anayepinga apinge kwa mifano.

Mchangiaji wa pili (Mombasa)

Ndugu yangu, shukrani kwa uzi mzito. Mengi nakubaliana nawe, ila umeandika kana kwamba Kiswahili kinaishia Horohoro, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Huku kwetu twasema urongo na mrongo, na hilo ni dogo. Kubwa ni hili la ghushi. Magazeti ya Kenya huandika vyeti ghushi, stakabadhi ghushi, dawa ghushi, bidhaa ghushi, na neno limekuwa kivumishi kisichohitaji "ya ku-". Kwa hiyo ule mpaka ulioujenga baina ya karatasi na vitu, kwamba cheti hughushiwa na dawa huwa bandia, Nairobi haupo. Mtu atasoma dawa ghushi na pesa bandia katika ukurasa mmoja asione ajabu.

Pili, umemsahau ayari. Wazee wa Pwani walikuwa nalo neno hilo kabla tapeli hajafika, na lina ladha yake: ayari ni mtu ambaye udanganyifu ndio tabia yake, awe ameshakuibia au bado. Tapeli lazima awe na tukio. Na umewasahau mnafiki na mzandiki, ambao uongo wao haukai katika kauli, kitu, karatasi wala imani, bali katika sura wanayokuonyesha. Mnafiki kwa mafundisho ya dini ana alama tatu: akizungumza husema uongo, akiahidi huvunja ahadi, na akiaminiwa hufanya hiana. Yaani unafiki ni mwavuli, na uongo ni ubavu mmoja tu wa mwavuli huo. Mzandiki kwa Kiarabu alikuwa mpotofu wa itikadi. Waswahili wakampokea wakamfanya mtu wa nyuso mbili, anayekuchekea barazani na kukuchimba jikoni.

Mchangiaji wa tatu (wakili)

Mkuu, nimefurahi ulivyoieleza hati inayosema uongo juu ya nafsi yake, kwa sababu hivyo ndivyo tunavyofundishwa. Niongeze la upande wetu. Ukiifungua Kanuni ya Adhabu hutakuta kosa linaloitwa utapeli. Utakuta kughushi, utakuta kuwasilisha nyaraka za uongo, utakuta kujifanya mtu mwingine, na utakuta kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu. Hilo la mwisho ndilo ambalo wananchi hulileta kituoni kwa jina la utapeli, nalo lina sharti ambalo huwashangaza wengi: maelezo ya uongo yawe juu ya jambo lililopita au lililopo, tena mtoa maelezo awe anajua kwamba ni ya uongo au haamini kwamba ni ya kweli. Sharti hilo limo katika sheria ya Tanzania na ya Kenya pia, kwa kuwa zote zilitoka katika chungu kimoja cha Mwingereza.

Sasa mpime mdaiwa wako. Aliposema "nitakulipa mwisho wa mwezi", alizungumzia kesho. Ahadi ya kesho iliyovunjika ni deni, na deni ni kesi ya madai. Lakini kama alisema "nina kontena bandarini, nikilitoa nakulipa", na kontena hilo halikuwahi kuwapo, hapo amesema uongo juu ya jambo la leo, na mlango wa jinai umefunguka. Tofauti ya kwenda jela na kuuziwa vyombo iko katika wakati wa kitenzi.

Ndiyo maana pia michezo ya upatu ilihitaji kosa lake lenyewe. Watu wa DECI, upatu uliovuma Tanzania, mwaka 2009, walikuwa na msamiati wa shambani: mtu anapanda, kisha anavuna. Waliotangulia walivuna kweli, kwa fedha za waliowafuata, kwa hiyo ungewauliza wangekuapia kwamba hakuna uongo. Viongozi wake walishtakiwa kwa kuendesha upatu na kwa kupokea amana za umma bila leseni. Mtaani jina lilikuwa utapeli, lakini katika hati ya mashtaka neno hilo lisingekusaidia kitu.

Mchangiaji wa nne (Goma)

Ndugu zangu wa Tanzania, mimi nina moja tu. Huku kwetu, "bongo" kwa watu wengi ni uongo. Mtu akikwambia "acha bongo", anakukataza kudanganya. Kwa hiyo mtuwie radhi tunapotabasamu mnapojisifu kwamba ninyi ni watu wa Bongo.

Mwanzisha uzi (Dar es Salaam)

Ndugu wa Goma, hilo tumelistahili.

Ndugu wa Mombasa, nakubali kwamba matumizi ya Kenya ni mapana zaidi, na kwa kweli yako karibu zaidi na Kiarabu na lile lundo la chakula kuliko yetu. Nisichokikubali ni kwamba mpaka haupo. Sijawahi kuona gazeti la Nairobi likiandika "meno ghushi" kwa yule bibi aliyewekewa meno na daktari. Yaani ghushi kwenu limekwenda kwenye vitu, lakini limekwenda na hatia yake. Bandia limebaki na uhuru wake wa kuwa na hatia au kutokuwa nayo. Ayari nampokea kwa mikono miwili, na ningependa magazeti yetu yamrudishe kazini, maana kuna watu ambao hatuna tukio lao mkononi ila tabia yao tunaijua. Juu ya mnafiki, umenigusa. Nilihesabu makao manne, na nafsi kweli ni ya tano.

Wakili, maelezo yako yananipa neno jingine nililotaka kulileta, kubambikia. Mtu hubambikiwa kesi, hubambikiwa mtoto, hubambikiwa simu mbovu. Linafanana na kusingizia, lakini kusingizia ni kauli tu: nasema wewe ndiye uliyeiba. Kubambikia ni kuleta na kitu: bangi inatiwa mfukoni mwako kisha inatolewa mbele ya mashahidi. Bangi ni ya kweli, shahidi ameona kweli, fomu imejazwa sahihi. Hakuna cha bandia wala cha kughushi, na bado jambo zima ni uongo, kwa sababu uhusiano kati ya kitu na mtu umetungwa.

Mchangiaji wa tano (Dodoma)

Mkuu, naomba uniwekee sawa mawili. Kwanza, "hewa". Mwaka 2016 tulikuwa na watumishi hewa zaidi ya 10,000 katika orodha ya mishahara. Hao ni feki, ni bandia, au ni nini? Pili, hizi video na sauti zinazotengenezwa kwa kompyuta, unamwona kiongozi anatangaza kugawa fedha ilhali hakusema kitu. Wengine wanaziita video feki, wengine bandia. Na teknolojia yenyewe wanaiita akili bandia, akili mnemba, akili unde. Sasa akili bandia ikitoa video, video hiyo nayo ni bandia moja kwa moja?

Mwanzisha uzi (Dar es Salaam)

Mkuu, hewa ni neno safi sana, na nadhani ni mchango wetu wenyewe katika ukoo huu. Cha bandia unaweza kukishika. Cha kughushi unaweza kukiweka mezani na kukilinganisha na cha kweli. Mtumishi hewa huwezi kumshika. Kuna jina, kuna namba ya akaunti, mshahara unatoka, na kwenye kiti hakuna mtu. Katika orodha hiyo walikuwamo waliokwisha kufa na waliostaafu, ambao walikuwa watumishi wa kweli na vyeti vyao vilikuwa halali. Kwa hiyo hewa haielezi ubaya wa kitu kilichopo. Inaeleza kwamba mahali palipotakiwa pawe na kitu hapana kitu. Nimeona Wakenya nao wakisema wafanyakazi hewa na wanafunzi hewa, na maana haijayumba.

Kuhusu video, jina la chombo lisikuchanganye. Akili bandia ni bandia kama mguu wa bandia: imetengenezwa kwa mfano wa kitu cha asili na hakuna aliyefichwa. Ikichora simba anayeendesha bodaboda, hiyo ni picha ya kuundwa, na ukiitaja kwamba imeundwa umemaliza. Lakini sauti ya kiongozi anayetajwa kwa jina, ikisema maneno ambayo hakuyasema, inafanya kilekile kinachofanywa na ile karatasi ya zahanati yenye saini ya daktari. Inasema uongo juu ya nafsi yake, inadai "mimi ni fulani". Kwa hiyo mimi mezani kwangu nimeanza kuandika "sauti ya kughushi" na "video ya kughushi", hata pale maneno yaliyomo ni ya kawaida na yangeweza kutamkwa na mhusika siku yoyote. Na ile inayokatwa kutoka katika hotuba ya kweli, sentensi ya mwanzo ikaunganishwa na ya mwisho ili maana igeuke, siiiti ya kughushi, kwa kuwa kila neno lilitoka kinywani mwake. Hiyo imechakachuliwa.

Mchangiaji wa tatu (wakili)

Hapo nakuunga mkono kwa sehemu. Mahakamani bado tutabishana kama rekodi ya sauti ni "hati", na wakili wa upande wa pili atasimama juu ya hoja hiyo mpaka jua lizame. Ila kwa matumizi ya gazeti, andika kughushi.